Mikanda Arobaini na Minne

Pontiani alikuwa katika siku yake ya sita kwenye kasho ya polisi ya Rumonge, na kilichomtia humo kilikuwa hesabu. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi, mistari mitatu ya wino wa buluu ndani ya dosiye, jalada la kesi, na chini yake jina la mpelelezi aliyeipiga: Eliana Dusabe. Siku ya pili yake dosiye ingepelekwa parike, kwa mwendesha mashtaka, na mzee wa miaka sabini na miwili angehamishiwa gerezani kwa kosa la kughushi hati ya shamba. Wazee wa umri ule wakiingia gerezani, wengi hutoka wamebebwa.

Asubuhi ile Eliana alifika kazini bila shaka hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kule Kigwena, chini kidogo ya barabara ya Nyanza-Lac, kuna shamba la michikichi mia moja na ishirini. Pontiani ameishi humo tangu mwaka 1986, na ana karatasi. Karatasi inasema aliuziwa na mwanamke aitwaye Evangelina, na kwamba miti ina umri wa miaka kumi, imepandwa na muuzaji mwenyewe. Yaani ilipandwa 1976. Upande wa pili yuko Bernardo, aliyerudi kutoka Tanzania mwaka 2008 baada ya miaka thelathini na sita ya ukimbizi. Bernardo anasema karatasi ni ya uongo kutoka juu mpaka chini. Shamba ni la baba yake, na miti aliipanda baba yake mwaka 1969. Evangelina alikuwa dada yake wa pekee, na aliuawa mwaka 1972, siku walipokimbia. Bernardo mwenyewe aliiona maiti. Aliitambua kwa mkono wa kushoto, ambao vidole vyake viwili vilikuwa vimeshikana tangu utotoni. Yote hayo aliyaapia na kuyatia saini.

Kesi ilizunguka mabarazani miaka kumi na kitu, kila baraza likiisukuma kwa jingine, mpaka mwaka huu Bernardo alipofungua mashtaka ya kughushi. Mashahidi wa karatasi walikuwa wamekufa wote. Kilichobaki ni swali moja: ile miti ina umri gani?

Eliana ndiye aliyepata akili ya kuiuliza miti yenyewe. Alimchukua Meshaki, mkwezi anayekata vichala vya ngazi, matunda ya mchikichi, katika nusu ya mashamba ya Kigwena. Mkwezi hupanda kwa mkanda wa kamba unaozunguka mti na kiuno chake. Anaurusha juu, anakanyaga, anaurusha tena. Kila mrusho Meshaki anauita mkanda mmoja, na urefu wa mti anautaja kwa mikanda kama mshonaji anavyotaja mita. Eliana alimpandisha kwanza mchikichi wa uwanja wa shule, uliopandwa siku shule ilipofunguliwa, mwaka ukiwa umechorwa kwenye saruji: 2004. Miaka ishirini, mikanda kumi na sita. Kisha akampandisha ile ya shambani. Mikanda arobaini na minne.

Mikanda kumi na sita kwa miaka ishirini ni mikanda minne kwa kila miaka mitano. Arobaini na nne gawa kwa nne, zidisha kwa tano: hamsini na tano. Toa hamsini na tano kutoka 2024, unapata 1969. Mwaka uleule aliousema Bernardo, haukupungua wala kuzidi hata mmoja. Komiseri, mkuu wake wa kazi, alimpa Eliana mkono. Saa mbili baadaye Pontiani alivuliwa viatu na mkanda wa suruali.

Na Eliana alifurahi, kwa nini afiche? Alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania. Mama yake alirudi nyumbani na kukuta kiwanja chao kina nyumba ya mtu mwingine, akafa akiwa mpangaji. Zaidi ya hayo, Bernardo alikuwa mwalimu wake wa hesabu kule makazini, miaka mitatu, chini ya turubai. Eliana alimpelekea ile mistari mitatu mwenyewe, kwa mkono wake. Mwalimu alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akamrudishia karatasi.

"Umejifunza vizuri, mwanangu," alisema.

* * *

Komiseri alitaka jambo moja dogo ili dosiye ifungwe: idadi ya miti yote kwa maandishi. Eliana akamkuta Meshaki shambani saa tatu, mkanda begani, panga mkononi.

"Amahoro, Afande. Leo tena? Mimi nilijua tulimaliza."

"Bado idadi tu."

"Idadi ni mia moja na makumi mbili. Ile zilikufa, Pontiani alipanda zingine pale juu. Nane."

Michikichi ile minane ilikuwa mifupi, makuti yake yakianzia ardhini na kutandaa pande zote. Eliana alifungua daftari. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kila mti alitaka uwe na mstari wake.

"Hii ilipandwa lini?"

"Mwaka ya korona. 2020. Mimi mwenyewe nilimusaidia kuchimba mashimo."

"Miaka minne. Nipe mikanda yake."

Meshaki alimtazama aone kama ni mzaha. Alipoona si mzaha, akacheka mpaka akaegemea mti.

"Mukanda gani, Afande? Utauvalisha wapi? Hii haina shingo! Nyinyi wa Tanzania mulikula mawese ya nani kule, hamujui muchikichi?"

"Haujaanza kupanda hata kidogo?"

"Muchikichi inakaa kwanza. Myaka mine iko inatafuta unene tu, inatanua makalio kama mama wa sokoni. Kiisha njo inaanza kwenda juu. Zote ziko hivyo. Hata ile ya kwenye masomo, ya 2004."

Eliana hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Kwa hesabu yake, mti wa miaka minne ulitakiwa uwe na mikanda mitatu na kipande. Huu ulikuwa na sifuri.

"Kwa nini hukuniambia wiki iliyopita?"

"Uliniuliza mikanda ya ile ya kwenye masomo. Nikakupa mikanda ya ile ya kwenye masomo."

Hapo ndipo somo la zamani lilipomrudia, na lilirudi na sauti ya mwalimu mwenyewe. Bomba la makazi lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini kwanza lilikuwa linatoa hewa. Linakohoa, linatema, madumu yamepanga foleni, maji hakuna. Mwalimu Bernardo aliligeuza kuwa hesabu. Ukichukua lita zote ukazigawa kwa saa zote tangu saa kumi na mbili, utasema bomba ni vivu. Si vivu, watoto. Lilichelewa. Ondoeni kwanza muda wa hewa, ndipo mgawe. Kila saa inayoongezeka huongeza lita zilezile, lakini mstari hauanzii pale mlipofungua bomba.

Yeye alikuwa amegawa kwa saa zote.

"Kuna mchikichi mwingine hapa karibu ambao mwaka wake unajulikana?" aliuliza. "Unaojulikana kwa maandishi, si kwa kukumbuka."

"Ya ku kanisa. Waliupanda siku ya kuweka jiwe."

Jiwe la msingi la kanisa lilisema 1990. Meshaki alipanda akihesabu kwa sauti, na Eliana alihesabu naye kutoka chini. Mikanda thelathini. Akamtaka ashuke apande tena. Thelathini.

Alikaa kwenye ngazi ya kanisa na kuandika upya. Mti wa shule, miaka ishirini, mikanda kumi na sita. Mti wa kanisa, miaka thelathini na minne, mikanda thelathini. Kutoka mmoja hadi mwingine miaka imeongezeka kumi na minne, na mikanda imeongezeka kumi na minne. Mwaka mmoja, mkanda mmoja, basi. Na ukiurudisha mstari huo nyuma mpaka kwenye sifuri, unakuta miaka minne mti umekaa tu, kama alivyosema Meshaki kwa kicheko. Umri ni mikanda ujumlishe minne. Ishirini ni kumi na sita na nne. Thelathini na nne ni thelathini ukijumlisha nne.

Arobaini na minne ujumlishe minne ni arobaini na minane. Toa hiyo kutoka 2024.

1976.

Aliutazama mwaka huo kwa chuki. Kisha akafanya alichopaswa kufanya wiki nzima kabla, yaani kujaribu kuubomoa. Kama baba yake Bernardo alipanda miti ile 1969, leo ingekuwa na miaka hamsini na mitano, na urefu wake ungekuwa mikanda hamsini na mmoja. Ukirudisha mwaka nyuma kwa saba, lazima mikanda nayo ipande kwa saba. Mikanda saba si kosa la mkono. Ni urefu unaompita mtu mrefu. Alirudi shambani, akamchagulia Meshaki miti mitano mirefu kuliko yote, mmoja katika kila pembe na mmoja katikati.

Arobaini na nne. Arobaini na tatu. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Arobaini na nne.

"Hamsini na moja iko wapi?" Eliana alimwuliza mkwezi aliposhuka mti wa mwisho, jasho likimtiririka.

"Hamsini na moja? Huku haina. Ningeijua, Afande. Ni miye ninapandaka."

* * *

Kasho haina jiko. Mfungwa hula anacholetewa na ndugu zake, na asiye na ndugu hula huruma ya wenzake, ikiwepo. Kezia, mke wa Pontiani, alikuwa amekaa ukutani na bakuli la ugali na ndagala lililofungwa kitambaa, akingoja polisi wa zamu amalize kupekua chakula kwa kijiko.

"Mama Kezia," Eliana alimwambia, "ile karatasi ya shamba ilikuwa inanuka moshi. Kwa nini?"

"Nilisema siku ya kwanza, Afande. Tunaiweka juu ya jiko, mu paa, mchwa isiikule. Wewe ukaandika tumeikausha na moshi juu ionekane ya zamani."

Ni kweli, ndivyo alivyoandika. Aliingia ndani. Pontiani alikuwa amekaa kwenye saruji, miguu mitupu imevimba, na hakusimama.

"Muzee, nani alipanda miti?"

"Siku sita sasa ninasema. Evangelina."

"Lini?"

"Mu 76, alipotoka Kongo. Alikuwa amejificha kule myaka mine. Akarudi, akakuta nyumba imeungua, hakuna mutu. Akaanza kupanda peke yake. Aliniambia anapandia mudogo wake, akirudi apate mafuta ya kula."

"Na akauza kwa nini?"

"Alingoja myaka kumi. Mutu anachoka, Afande. Akasema ile miti anaiona kama watu, hawezi tena kuikala nayo. Akaenda Magara kuuza samaki."

"Hilo la Magara ulilisema?"

Mzee alimwangalia kwa mara ya kwanza.

"Uangalie mu karatasi yako."

Eliana aliangalia. Lilikuwepo, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe: mtuhumiwa anadai kuwa muuzaji alihamia Magara. Neno "anadai" alikuwa amelipigia mstari. Magara kwa pikipiki haifiki saa moja, na hakwenda.

* * *

Ufukweni Magara mitumbwi ilikuwa imeshapandishwa na ndagala zimeanikwa kwenye mchanga, uwanja mzima ukimeta. Wachuuzi watatu walimwelekeza kwa mtu mmoja: Mama Généreuse, Mkongomani wa Baraka, mnene, mfupi, anayekaa kwenye kigoda akichagua samaki bila kuwatazama.

"Vangelina?" alisema. "Umechelewa, mama. Ule tulimuzika mu 2011."

"Alikuwa nani kwako?"

"Tuliuza ndagala pamoya myaka kumi na tano. Nilikimbia vita ya kwetu na watoto wawili, ni yeye alinipa pa kulala. Unauliza alikuwa nani kwangu?"

"Alikuwa na alama yoyote mwilini?"

Généreuse aliinua mkono wake wa kushoto na kukunja vidole viwili vya mwisho pamoja.

"Hivi. Mawese ya moto, akingali mutoto. Vilishikana. Lakini alikuwa anachagua samaki mbio kunipita."

Eliana aliandika. Mkono wa kushoto, vidole viwili. Hakuwa amemtajia mkono wala vidole.

"Alikuwa na ndugu?"

Mikono ya yule mama ilisimama juu ya samaki.

"Sasa njo umefika. Wakati barapatriye, wale wakimbizi wa Tanzania, walianza kurudi, kila juma alikuwa anapanda gari anaenda Rumonge kuuliza. Unamujua Bernardo? Unamujua Bernardo? Siku moja akapata mutu anamujua. Akamuambia ndiyo, Bernardo iko, amerudi, iko anafundisha ku kanisa. Na yule mutu akaongeza: maskini, alibaki peke yake, dada yake waliua mu 72, alimuona na macho yake."

"Akafanya nini?"

"Akarudi hapa, akaikala pale unaona, akachagua ndagala mpaka zikaisha. Nikamuambia, Vangi, weye uende, umuonyeshe uko muzima! Akanijibu: nikienda nitamugeuza muongo mbele ya watu wote. Wacha tu niwe nimekufa." Généreuse alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, magamba ya samaki yakabaki shavuni. "Myaka mitatu, mama. Hapa na Rumonge! Na hakuenda tena hata kununua chumvi. Huyo ndugu yake, kama unamujua, umuambie mimi Généreuse sina maneno ya kumuambia."

* * *

Bernardo alikuja mwenyewe saa tisa, amevaa koti, kwa sababu aliambiwa ni kutia saini. Alikaa, akaweka miwani mezani. Eliana alikuwa ameshatandaza peve, yale maandishi ya mahojiano yake ya kwanza, upande wa pili wa meza.

"Mwalimu," alisema, "lile bomba la makazi lilikuwa linatoa hewa kwa muda gani?"

Mzee alifungua mdomo kujibu kwa tabasamu, kisha tabasamu likakatika. Aliitazama ile karatasi mpya iliyokuwa mbele ya mwanafunzi wake, yenye miti miwili badala ya mmoja.

"Nusu saa," alisema polepole.

"Nilipokuletea hesabu yangu uliisoma mara mbili. Uliona kosa?"

Nje polisi wa zamu alikuwa akigombana na mtu juu ya baiskeli.

"Nililiona mara ya kwanza," alisema Bernardo.

"Ukasema nimejifunza vizuri."

"Nilitaka shamba la baba yangu, Eliana. Wewe hasa ungenielewa."

"Mimi hasa nilimweka mtu kasho siku sita kwa ajili yako."

Alimsomea matokeo bila kupandisha sauti: mikanda ya shule, mikanda ya kanisa, mikanda ya shamba, mwaka 1976. Mtu fulani alibaki akapanda. Kisha akamsomea Magara. Alipofika kwenye vidole viwili, Bernardo aliinua kiganja kumzuia, kama alivyokuwa akifanya darasani mtu akijibu kabla ya kuulizwa.

"Inatosha."

"Haitoshi. Uliapa uliona maiti."

"Sikuona maiti." Alivuta pumzi. "Tulikuwa kwenye matete, mama ameshika ukingo wa mtumbwi, hataki kupanda mpaka Evangelina afike. Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua blanketi. Mwenye mtumbwi anatukana. Mama akanituma nikamtazame. Nilifika nusu ya njia nikasikia watu, nikarudi mbio. Nikasema nimeiona maiti, nimeitambua kwa vidole. Mama akapanda. Kama ningesema bado hajafika, tungekufa pale wote."

"Labda."

"Mama alimlilia mpaka anakufa kule Tanzania. Na mimi nilikuwa namfariji. Ukisema jambo miaka mingi hivyo, mwishowe unaliona kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwanangu."

"Ulikuwa na kumi na mitano siku hiyo," Eliana alisema. "Ulipoapa mbele yangu ulikuwa na sitini na saba."

Eliana aliita polisi wa zamu na kumwambia amfungulie Pontiani, amrudishie viatu na mkanda wake, na amwambie angoje, kwamba yeye mwenyewe angekuja kumwomba radhi. Dirishani walimwona mzee akitoka, Kezia akiinama kumvika viatu, miguu ikakataa kuingia, akavibeba mkononi. Hakungoja. Waliondoka taratibu kuelekea barabarani.

"Alijua nimerudi?" Bernardo aliuliza, macho bado dirishani.

Eliana angeweza kusema hapana. Lingekuwa neno dogo, na Généreuse asingekuja Rumonge kulikanusha. Lakini wiki ile alikuwa ameshaandika neno moja, lile "anadai", kwa kutaka kwake, na miguu ya mtu imevimba.

"Alijua. Miaka mitatu kabla hajafa."

"Na hakuja."

"Alisikia umewaambia watu amekufa. Alisema hataki kukugeuza mwongo mbele yao."

Usoni mwa mzee hakikubadilika kitu, ila mikono ilianza kutafuta miwani mezani na haikuipata, ingawa ilikuwa palepale. Eliana alimsogezea. Alimsogezea na peve, ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa: Dada, Evangelina, alifariki 1972.

"Sahihisha kwa mkono wako mwenyewe," alisema.

Bernardo alikata 1972 kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyokuwa akikata majibu ya watoto, na juu yake akaandika 2011. Kisha, bila kuambiwa, akaandika pembeni moja juu ya nyingine na kutoa: thelathini na tisa. Eliana aliikagua ile hesabu. Safari hii hakukuwa na kosa.

Ilibaki fomu ya kuingizwa kasho, kwa kiapo cha uongo. Aliijaza haraka, jina, umri, makazi, na kusimama kwenye swali la mwisho ambalo kila anayeingia huulizwa.

"Una ndugu wa kukuletea chakula?"

Bernardo alikuwa bado anaitazama ile thelathini na tisa.

"Nilikuwa naye," alisema.

Eliana aliandika: Hana.